Glavu Juu ya Seng'enge

Jumamosi, 20 Januari 1962

Maji ya ndoo yameganda jikoni, hatua tatu kutoka kwenye jiko. Saa mbili kasoro robo usiku nilivuka barabara kwenda kwa Verna Pruss kutazama Marshali Hobart kwenye televisheni. Nilibeba kiti changu, kwa sababu viti vya Verna vina mito, nami sikai juu ya mto mbele ya watu. Tulikuwa saba. Marshali aliwakamata wezi wawili wa farasi. Farasi hawakutoka jasho hata baada ya kukimbizwa maili kumi.

Jumanne, 23 Januari

Gazetini. Kurasa nne za kusahihisha. Makosa kumi na tisa, kumi na moja yakiwa ya Mhariri.

Jumamosi, 27 Januari

Dukani nilimsikia mama mmoja kijana akimwambia mwanawe, aliyekuwa akikimbilia mlangoni bila kofia, "Wee! Usifanye ya Ludvik!" Mtoto akarudi. Katika mji huu kila mtoto hurudi akiambiwa hivyo. Mama yule ni mgeni kutoka mashariki. Sidhani anajua kwamba Ludvik alikuwa mtu.

Kwa Verna: Marshali alipigwa risasi begani. Wiki ijayo atakuwa amepona.

Jumamosi, 3 Februari

Naandika haya nikiwa bado na koti mwilini.

Kipindi cha leo hakikuwa na wezi. Kilikuwa na mwalimu, msichana mwembamba mwenye sauti nzuri, katika shule ya chumba kimoja. Mtoto mmoja anaomba ruhusa kwenda nyumbani mapema kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Mbingu inatisha. Mwalimu anamfungia skafu, anamfungulia mlango, anamwacha aende. Tufani ya theluji inashuka. Mtoto anakutwa amekufa. Mwalimu anawaambia watu kwamba mtoto alitoroka. Siku tatu anakaa na uongo huo. Kisha Marshali anaiona skafu jinsi ilivyofungwa, fundo la mtu mzima, nyuma ya shingo, na anamtazama mwalimu. Jumapili mwalimu anasimama kanisani na kukiri. Baba wa mtoto anaingia na bunduki. Marshali anasimama katikati. Baba anaangusha bunduki, analia. Wimbo. Tangazo la sabuni.

Tulitazama mpaka sabuni ilipokwisha. Kisha mume wa Verna akasema, "Theluji ile ilikuwa chumvi. Mmeiona? Haikuyeyuka kwenye ndevu zake."

"Nyamaza wewe na theluji yako," Verna akamwambia. Hakuwa akimtazama mumewe. Alikuwa akinitazama mimi. "Mwalimu, chai?"

Nilisema hapana. Nilisahau kiti changu kwake.

Jumapili, 4 Februari

Sikwenda kanisani. Ni mara ya nne tangu nihamie katika wilaya hii.

Mimi Tilda Ostergaard nimefundisha miaka arobaini na mmoja. Nimewafundisha watoto kwamba sentensi ni ahadi: anayeiandika lazima aweze kusimama nyuma yake. Kuna sentensi moja niliyoiandika kwa mkono wangu nikaisaini mbele ya kamati ya shule tarehe 20 Februari 1931. Inasema: "Mwanafunzi Ludvik Kovarik, mwenye umri wa miaka kumi, alitoka darasani bila ruhusa yangu nilipokuwa nikichochea jiko."

Sikuwa nikichochea jiko. Nilikuwa nikimfungia skafu.

Mama yake alikuwa na mimba ya miezi tisa, peke yake nyumbani. Baba yake, Emil, alikuwa amepeleka ng'ombe stesheni. Saa sita mchana mtoto aliniomba ruhusa. Kulikuwa na jua. Ilikuwa nusu maili tu. Lakini ukutani palikuwa na kanuni niliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: hakuna mwanafunzi kutoka kabla ya saa kumi bila barua ya mzazi. Niliivunja, na mtoto alipokufa nilimtwisha yeye kosa hilo. Toka siku ile mji mzima unamtaja. Usifanye ya Ludvik. Mimi mwenyewe nimewahi kulitamka darasani, mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nikimwambia dada yake.

Jumanne, 6 Februari

Dwight Fossum, Mhariri, alikuwa ameweka miguu juu ya meza.

"Mwalimu, Februari haina habari. Hata walevi wamelala. Lakini tangu Jumamosi kila mtu anagombana juu ya yule mwalimu wa televisheni. Kinyozi amemfukuza mteja, nywele nusu! Nafungua safu. Maoni ya Watazamaji. Wewe utasahihisha."

"Nitasahihisha nukta na tahajia. Maana ya mtu sigusi."

"Ndiyo maana nakupenda, Mwalimu. Hugusi cha mtu."

Alhamisi, 8 Februari

Baridi. Ndama wa kwanza wamezaliwa upande wa kusini. Wawili wamekufa.

Jumanne, 13 Februari

Barua ishirini na mbili. Mji huu haukuwahi kuandika barua ishirini na mbili kwa gazeti, hata wakati wa vita.

Tano zinahusu ng'ombe waliopita mwanzoni mwa kipindi. Mfugaji mmoja wa kaskazini anaandika: "Ng'ombe wale walikuwa wa maziwa. Niliwatazama viwele. Nani anaswaga ng'ombe wa maziwa maili mia tatu? Marshali asiyeona kiwele ataonaje skafu?" Nimemrekebishia alama za kuuliza.

Nyingine nazinakili, maana nimezisoma mara nyingi mno kiasi kwamba haitanidhuru zaidi kuzinakili.

"Mwalimu yule alistahili kufukuzwa mjini, si kuimbiwa wimbo."

"Alinyamaza siku tatu. Mtu anayeweza kunyamaza siku tatu juu ya mtoto wa mwenzake, mimi simwamini hata kumkabidhi kuku."

"Kosa lake halikuwa mlango. Kila mtu angefungua mlango. Kosa lake ni kumsingizia maiti."

"Mimi nasema kosa lake ni kukiri. Baba alikuwa amekwisha kumzika mtoto. Yule dada kasimama kanisani ili moyo wake upate nafuu, na baba kamzika mtoto mara ya pili. Bora angekufa na siri yake kama watu wengine wenye adabu."

Hii ya mwisho ina makosa saba ya herufi kubwa. Niliyasahihisha polepole. Nilitamani iwe kweli.

Siku tatu, wameandika. Mimi nimehesabu siku zangu. Sitaiandika hesabu hiyo hapa.

Alhamisi, 15 Februari

Gazeti limekwisha kabla ya saa nane. Fossum amechapa nakala mia za ziada.

Jumamosi, 17 Februari

Leo inatimia miaka thelathini na mmoja tangu tufani ile.

Kuna jambo sikuliandika siku ile ya Jumapili. Naliandika sasa, kwa sababu barua moja imesema kila mtu angefungua mlango, nami nimekuwa nikijificha ndani ya barua hiyo juma zima.

Ninyi mtakaosoma daftari hili, kama mpo, huenda hamkukulia kwenye tambarare hizi. Tufani ikikukuta, hufuati macho yako wala upepo. Ng'ombe hufuata upepo, na ng'ombe hufa. Mtu hushika uzio. Seng'enge haipotei, ukiishika kwa mkono na usiiachie, itakufikisha kwenye lango la mtu. Nilikuwa nimewafundisha watoto hivyo kila majira ya baridi. Kutoka shuleni uzio wa Kovarik ulikwenda moja kwa moja hadi langoni kwao.

Chumba cha makoti. Nimemfungia Ludvik skafu. Nimemwambia, "Upepo ukigeuka, shika uzio."

Akasema, "Mwalimu, uzio..."

Nikasema, "Ludvik. Hatusemi kabla ya kunyoosha mkono."

Akafunga mdomo. Alikuwa mtoto mtiifu kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Akanyoosha mkono, ukiwa na glavu, juu kabisa, pale katikati ya makoti. Nami niliona upepo umeanza kugeuka, na nilikuwa na haraka. Nikaushika mkono ule nikaushusha. "Hakuna muda. Shika uzio, usiachie. Nenda."

Akaenda.

Nilisikia habari ya uzio siku mbili baadaye, kutoka kwa wanaume waliokuwa wakimtafuta. Emil alikuwa ameuhamisha mwezi Oktoba, baada ya kuuza kipande cha mashariki. Kwenye kijito uzio mpya ulipinda kaskazini, ukaenda kwenye malisho yasiyo na nyumba. Mimi nilikuwa mpangaji upande wa pili na sikuwahi kupita njia ile. Ludvik alijua. Ndicho alichotaka kusema.

Walimkuta maili moja na nusu kupita kijito. Glavu yake ya kushoto ilikuwa imeganda juu ya seng'enge, mkono ukiwa ndani. Watu walisema, maskini, alipotea, akaangukia uzio kwa bahati. Hakupotea. Hakuuachia mpaka mwisho, kwa sababu mwalimu alisema asiuachie.

Sikwenda kwa Verna.

Jumanne, 20 Februari

Barua kumi na nane. Moja iliandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya hesabu za shule, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika katika lugha nyingine. Naiweka hapa kama ilivyokuwa baada ya kusahihishwa:

"Mhariri. Watu wanasema kipindi kile ni habari ya kwetu. Si ya kwetu. Mtoto wa kwenye televisheni alimsikia mwalimu wake. Wangu hakusikia. Mwalimu wetu hakuwa na kosa lolote. Waacheni walimu. Emil Kovarik."

Makosa tisa. Kwenye la tatu niliiharibu karatasi, nikaanza upya kwa nyingine safi.

Jumamosi, 24 Februari

Tufani. Umeme umekatika. Hakuna Marshali. Wafugaji wamelala mazizini na ng'ombe wanaozaa.

Alhamisi, 1 Machi

Barua ya Emil imechapishwa ukurasa wa kwanza, ndani ya fremu nyeusi. Watu wananisimamisha barabarani. Mchungaji amenishika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, Mzee Emil ameandika vizuri, eh? Mji mzima unajua ulivyoumia." Nilimwambia kuna barafu kwenye ngazi za kanisa.

Jumapili, 4 Machi

Ndama wanane wa Pruss wamekufa kwa baridi. Mumewe Verna amewapanga kando ya barabara kusubiri gari la kuwachukua. Wamekaa pale kama mabunda ya nguo.

Jumamosi, 10 Machi

Nilikwenda kuchukua kiti changu. Mchana, makusudi, ili nisialikwe kutazama. Verna hutengeneza nywele za wanawake sebuleni kwake, na leo hakuwa na mteja. Kiti changu kilikuwa palepale, mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Umekisusa siku thelathini na tano," akasema.

"Nilikuwa na kazi."

"Kaa, Mwalimu. Hata kama hakina mto." Alikuwa akisafisha vitana na hakuinua kichwa. "Sijaandika maoni yangu kwenye gazeti. Unataka kuyasikia?"

Nilishika mgongo wa kiti changu.

"Yule wa kwenye televisheni alikuwa mwongo. Lakini angalau alisema. Siku tatu, akasema."

"Verna..."

"Nilikuwa na miaka minane. Niliomba kwenda chooni, nikapita chumba cha makoti. Nilikuona ukimshusha mkono."

Jiko lake lina saa inayopiga kila robo, na ilipiga.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

Hapo akainua kichwa. "Si ulitufundisha tusiseme mpaka tuulizwe? Miaka thelathini na mmoja nakutazama hapo barabarani, na mkate nakuletea, na televisheni nakualika. Nasema labda leo ataniuliza. Hujaniuliza, Mwalimu. Hujaniuliza hata siku moja."

Alikikunja kiti changu, akanipa. Kisha akasema, kwa sauti ileile ambayo wanawake huitumia kutajiana bei ya mayai, "Mzee Emil mapafu yamejaa maji. Daktari kasema wiki mbili. Kama unangoja afe, hungoji sana."

Jumatatu, 12 Machi

Kiti kimekaa kimekunjwa mlangoni.

Nimewajibu wote kichwani, wale wa barua. Anayesema kukiri ni kumzika mtoto mara ya pili, namjibu kwamba mtoto huyu huzikwa kila mara mama anapomwita mwanawe dukani. Namjibu vizuri. Kisha nakumbuka kwamba jibu zuri si sawa na kutembea hadi mlangoni kwa mtu.

Jumanne, 13 Machi

Nilipiga simu kwa Kovarik. Laini yetu ni ya nyumba tisa, na nilisikia vipokezi vikiinuliwa kimoja kimoja, tik, tik, tik, kabla Marta hajapokea. Marta ni binti yake, aliyezaliwa siku tatu baada ya tufani. Nilisema nataka kumjulia hali baba yake. Akasema nije Jumapili. Mtu mmoja kwenye laini akapiga chafya. "Afya," Marta akamwambia, kisha akakata.

Jumapili, 18 Machi

Nimekwenda. Nimeshindwa.

Emil alikuwa ameketishwa kitandani kwa mito minne, maana akilala chali anazama. Marta alikuwa ameoka kolache, mikate midogo mitamu ya kwao, zenye plamu. Mjukuu, Ruzena, wa miaka mitano, alikuwa akizunguka chumba na mwanasesere.

"Mwalimu!" Emil akasema. "Hujapungua hata kidogo. Bado unatisha."

"Na wewe bado unaandika 'kwa hiyo' kama neno moja."

Alicheka mpaka akakohoa, na Marta akanitazama vibaya.

Nilikuwa nimefungua kinywa ili niseme. Hapo Ruzena akalivuta pazia la mlango wa nje, na Marta, bila kugeuka, mikono ikiwa kwenye unga, akasema, "Ruzena. Usifanye ya Ludvik."

Kaka yake Marta. Ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto akaliachia pazia. Emil alitazama ukuta.

Nilikula kolache mbili, nikashukuru, nikaenda zangu. Njiani nilisimamisha gari kwenye kijito. Uzio bado unapinda palepale.

Jumatano, 21 Machi

Upepo wa kusini. Theluji inayeyuka na mifupa ya ng'ombe inaonekana.

Jumamosi, 24 Machi

Nimekwenda tena, bila kupiga simu. Marta alikuwa zizini akimsaidia mumewe kuvuta ndama. Nilisikia ng'ombe akilia.

Sikukaa. Nilisimama mwisho wa kitanda kama ninavyotaka mwanafunzi asimame, na nikasema yote kwa mpangilio: jua, kanuni, skafu, mlango, uzio, mkono, mkono nilioushusha, kamati, sentensi. Sikulia. Nisingejipa ruhusa hiyo mbele yake.

Emil alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Alinyoosha mkono," akasema.

"Ndiyo."

"Na glavu?"

"Na glavu."

"Mashimo ya uzio ule tulichimba wote, mimi na yeye. Oktoba. Alishika nguzo, mimi nikashindilia. Alijua unakwenda wapi kuliko mimi." Alivuta pumzi mara nne kabla ya kuendelea. "Nilipouona mkono wake kwenye seng'enge, nilijua, Mwalimu. Ludvik wangu akiokota msumari wa mtu humrudishia. Huyo ndiye wa kutoroka shule? Nilijua kuna mtu kamwambia shika uzio. Nikafikiri ni mimi. Maana hata mimi nilikuwa nikimwambia kila siku."

"Kwa nini basi uliacha watu..."

"Kwa sababu kama alisikia, basi ni uzio uliomuua. Na uzio niliuhamisha mimi, kwa ajili ya ekari arobaini. Mama yake angenitazama vipi mezani? Ukaja wewe na karatasi yako, hakusikia, alitoroka. Nikasema, haya. Mungu kanipa pa kushika." Alifumbua macho. Hayakuwa na huruma, na nilishukuru. "Wewe ulimsingizia siku moja. Mimi nimemsingizia kila siku. Mama yake kafa akijua mwanawe mkaidi. Nilikuwa nimemshika mkono, na sikumwambia."

Tulisikia Marta akipiga kelele zizini, kelele ya furaha. Ndama alikuwa ametoka hai.

"Una kalamu?" Emil akauliza.

Nilikuwa nayo.

"Andika. Usinisahihishe."

Aliposema, niliandika. Alipokosea, niliandika kosa. Ilichukua zaidi ya saa nzima kwa sababu ya pumzi. Alitia saini, nami nikatia saini chini yake.

Marta aliingia na damu ya ndama mikononi, akatukuta hivyo. Baba yake akamwambia, "Kaa, binti." Mimi nikatoka. Sikustahili kuwa chumbani humo, wala sikuwa na ujasiri.

Jumanne, 27 Machi

Emil Kovarik amefariki leo alfajiri.

Nilimpelekea Fossum karatasi. Aliisoma amesimama. Miguu haikwenda mezani.

"Siichapi."

"Ni maoni ya mtazamaji. Safu ni yako."

"Mwalimu, mzee wa watu hajazikwa! Nawe una miaka sitini na tisa. Utakwenda wapi? Hawa watu watakula nyama yako." Akashusha sauti. "Nani anajua? Wewe tu na mimi. Nipe, niitupe motoni. Kesho tuandike tanzia nzuri."

"Verna Pruss anajua. Marta anajua. Nusu ya laini ya simu itakuwa inajua kufikia jioni."

"Basi ngoja wiki moja."

"Nimekwisha kungoja."

Aliigeuzageuza karatasi. "Ina makosa hii. Hata 'seng'enge' imekosewa."

"Ni yake. Itatoka hivyo."

Alhamisi, 29 Machi

Imetoka.

"Mhariri. Mimi Emil nasema upya. Ile barua yangu ya kwanza ni uongo. Mtoto wangu Ludvik alimsikia mwalimu. Mwalimu alimruhusu aende nyumbani, akamwambia shika uzio. Ludvik alitaka kusema uzio si ule, alinyosha mkono, hakuulizwa. Uzio niliuhamisha mimi. Alishika sengenge mpaka akafa. Nilijua ni mtiifu nikanyamaza miaka yote. Mwalimu naye alinyamaza. Msitumie jina lake vibaya tena. Emil Kovarik. Tilda Ostergaard."

Simu haikulia siku nzima. Nilikuwa nikitazama dirishani. Verna alisoma gazeti akiwa amesimama kwenye ngazi zake, kwenye baridi, bila koti. Akaingia ndani.

Ijumaa, 30 Machi

Mazishi. Kanisa lilijaa. Kwenye benchi langu nilikaa peke yangu, na kwenye benchi la mbele na la nyuma hapakuwa na mtu. Verna alichelewa. Akaja akaketi mwisho wa benchi langu, mbali nami kwa urefu wa watu watatu. Hakunitazama.

Kaburi la Emil limechimbwa kando ya kaburi dogo. Ruzena alilisoma jina herufi kwa herufi, maana anajua kusoma tayari. Akauliza kwa sauti ya mtoto, ambayo huwa kubwa makaburini, "Mama, huyu ndiye yule aliyekataa kusikia?"

Watu wote walinitazama. Marta naye. Hakunisaidia, na haikuwa kazi yake kunisaidia.

"Ndiye aliyesikia," nikasema.

Mtoto alinyoosha mkono wake, kama ambavyo bila shaka ameanza kufundishwa, ili aulize jingine. Marta akaushika mkono ule, wakaondoka.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua, siyo theluji.

Barua kumi na tisa. Fossum alikuwa ameziweka kwenye bahasha, ameifunga kwa kamba. "Mwalimu, hizi nitasahihisha mwenyewe. Nenda nyumbani."

"Hujui kutofautisha nukta na mkato."

"Mungu wangu. Zisome basi. Usiseme sikukuonya."

Nilizisoma mezani pangu, kwa mpangilio zilivyofika. Mbili zinanitetea, zote mbili zimeandikwa vibaya. Kumi na sita zinasema niliyoyatarajia, na baadhi zinayasema kwa nguvu ambayo ningeipa alama ya juu. Mmoja ameandika kwamba mwalimu wa televisheni alikuwa na uso mzuri na bado hakumsamehe. Mfugaji wa viwele naye ameandika tena; anasema sasa anaelewa kwa nini nilikuwa nikiwasahihishia watu nukta: kwa sababu nilikuwa naogopa sentensi. Nilimwongezea alama ya nukta pacha. Sikugusa maana ya mtu.

Ya kumi na tisa ni ya Marta. Nilimfundisha Marta miaka sita.

"Mhariri. Naomba watu wa mji huu waache kulitumia jina la kaka yangu kuwatishia watoto wao. Wazazi wakihitaji jina la kutumia, lipo la mwalimu. Marta Kovarik."

Niliisoma neno kwa neno, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Nikairudia. Haikuwa na kosa hata moja. Niliiweka juu ya zote, nikampelekea Fossum, nikamwambia iende ukurasa wa kwanza, ndani ya fremu.